Tupeane uzoefu: Mwajiri akitaka programu zake kwenye simu yako

Mtaa wa Pili: Wakuu, ofisi nyingi siku hizi hazitoi simu, zinataka barua pepe na programu za kazi zikae kwenye yako. Wajuzi, IT (watu wa kompyuta wa ofisi) wanaona nini hasa?

FundiSimu: Inategemea umewekewa nini. Kwenye Android, wasifu wa kazini, yaani sehemu ya simu iliyotengwa kwa ajili ya kazi, unajulikana kwa alama ya kibegi kwenye programu za kazi. IT wanaona na kufuta yaliyomo humo. Picha na meseji zako hawazioni, ingawa wanaweza kukulazimisha uweke nywila ndefu. Ila wakikwambia ufute simu iwe kama mpya, kisha kwenye ukurasa wa kukaribishwa uguse mara 6 na kuskani QR, shtuka. Huo ni udhibiti wa simu nzima: wanaona programu zote ulizoweka, wanaweza kuifuta yote wakiwa mbali. Simu uliyonunua kwa hela yako, hapo gomea.

Mpwani: Jioni zima programu za kazini kwa swichi yake. Zikizimwa hazifanyi kazi kabisa, hata mahali ulipo hazisomi. Na namba za wateja ukizihifadhi ndani ya wasifu, siku ukiacha kazi na wasifu ukifutwa, zinapotea nao!

Embe Bolibo: Wa iPhone: juu ya Mipangilio pakiandikwa kwamba inasimamiwa na kampuni fulani, basi si yako tena hiyo.

Waya Mmoja: Mmesahau Wi-Fi ya ofisi. Anayeiendesha huona majina ya tovuti, si unachoandika humo, isipokuwa kama ulikubali kuweka cheti chao, yaani faili dogo linaloifanya simu imwamini mwenye mtandao hadi aweze kusoma yaliyofichwa. Kujua kama kipo, kwenye Mipangilio ya Android fungua sehemu ya usalama, orodha ya vyeti vinavyoaminika, upande wa mtumiaji. Kawaida huwa patupu. Tangu Android 7 programu nyingi hukikataa cheti cha namna hiyo, lakini Chrome hukikubali, kwa hiyo mambo ya benki usiyafungulie kwenye kivinjari. Washa bando lako.

Sheria Kidogo: Kwa Kenya, sheria ya ulinzi wa data ni ya 2019. Mwandikie mwajiri kuomba kuona data anazokuhifadhia; kanuni za 2021 zinampa siku 7, bila malipo. Akinyamaza, peleka lalamiko kwa Kamishna wa Data, linalotakiwa kumalizika ndani ya siku 90. Alama za vidole za mahudhurio ni data nyeti, hivyo omba kadi badala yake, kwa maandishi. Tanzania tumia sheria ya 2022, lalamiko linakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.