MREJESHO: Kifaa cha GPS kinatupa mita 600 kutoka kwenye kasha

Niliuliza kwa nini kwenye mchezo wa kusaka makasha (geocaching, yaani kutafuta visanduku vilivyofichwa kwa kutumia GPS), kifaa cha mkononi kinaelekeza mita 600 hivi kusini mwa kasha ilhali simu inafika. Asanteni wakuu. Aliyesema "angalia muundo wa majiranukta" (namba za latitudo na longitudo zinazoonyesha mahali) ndiye aliyepatia.

Makasha huandikwa kwa nyuzi na dakika zenye desimali, mfano S 06° 48.500. Kifaa kilikuwa kwenye nyuzi, dakika na sekunde, hivyo kikasoma 06° 48' 50.0". Nusu dakika ni sekunde 30, si 50. Sekunde moja ya latitudo ni karibu mita 31. Zidisha kwa tofauti hiyo ya sekunde 20 upate mita 620.

Kinachochanganya ni kwamba kosa halilingani. Kasha ambalo dakika zake zinaishia na .000 linapatikana bila shida, la .100 linapotea kwa mita 124 tu, na kuanzia .600 kifaa kinakataa kabisa, maana hakuna sekunde 60.

Tiba: mipangilio, muundo wa nafasi, chagua hddd° mm.mmm'. Hapohapo hakikisha datamu (msingi wa kupimia mahali duniani) ni WGS 84, inayotumiwa na GPS. Ikiwa Arc 1960, ile ya ramani za zamani za Kenya na Tanzania, unasogezwa karibu mita 300 zaidi.

Ikibaki mita 5 hivi, acheni kufuata mshale, hasa chini ya miti au kando ya ukuta, kwa sababu mawimbi ya setilaiti yanadunda. Tafuteni kwa macho.