Mkopo wa asilimia kumi: vijana wafundishwe kwanza au wapewe hela?

MPAMBANAJI WA TEMEKE
Wakuu, tulijadili hili bila kuzunguka. Hapa Tanzania halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Sasa kuna wanaotaka kijana asipewe hata shilingi mpaka amalize mafunzo ya ujasiriamali na kompyuta. Nasema ni kumpotezea muda. Wiki mbili za kuandika "sifa za mjasiriamali", siku ya mwisho wanakoroga sabuni ya maji, wanapewa cheti. Mpeni hela, soko litamfundisha.

MKUFUNZI
Soko linafundisha, lakini ada yake ni mtaji wenyewe. Kikundi cha watu watano kikipata milioni 5 bila mafunzo, hela inagawanywa milioni moja moja nje ya benki na kila mtu anashika njia yake. Deni linabaki la kikundi. Wawili wakiyumba, watatu waliobaki wanabanwa kwa hela ambayo hawakuiona. Mafunzo ndipo mahali pa kuandika nani anasaini, nani anashika daftari, na hela inatoka kwa idhini ya nani.
Na sabuni umeidharau bure. Ndilo somo pekee linalomwachia kijana kitu mkononi siku hiyo hiyo.

MKEMIA WA KARIAKOO
Mwalimu, kinachobaki mkononi mara nyingi ni ngozi iliyobabuka. Karatasi inayozunguka kwenye mafunzo inasema salfoniki lita 1, slesi (ya kutoa povu) kilo 1, maji lita 20, soda ashi (unga wa kuua ukali wa asidi) "kiasi", chumvi "kiasi". Kiasi gani? Salfoniki ni asidi. Kilo moja yake inahitaji kama gramu 160 za soda ashi ili ukali uishe, na lita moja inazidi kilo kidogo, kwa hiyo ongeza hadi 170. Ukiweka 100 umemuuzia mama wa watu asidi yenye harufu ya ndimu.
Soda ashi iyeyushwe kwanza kwenye lita 2 za maji, imiminwe polepole huku unakoroga, maana inatoa gesi na povu linapanda. Ndoo iliyojaa itakumwagikia miguuni. Ukimaliza, pima kwa karatasi ya pH, ile ya kupima ukali: isome 7 hadi 8. Karatasi hizo hazimo kwenye vifaa vya mafunzo mengi, ila vyeti havikosekani.

MKUFUNZI
Usiwatie wote kapu moja. Kuna wakufunzi wanaopima kila kitu kwa mzani.

MKEMIA WA KARIAKOO
Basi waandike gramu kwenye karatasi zao. Siombi jingine.

DADA MAUZO
Mnagombania ndoo, hesabu hakuna anayeigusa. Tuseme malighafi ya lita 20 ni shilingi 24,000. Chupa za nusu lita ni 40, yaani 600 kila chupa. Chupa tupu 250, lebo 100. Tumefika 950 na hujalipa nauli wala jasho lako. Duka linaichukua kwa 1,100 ili liuze 1,500. Kwa chupa 40 unabaki na 6,000. Toa bodaboda 3,000. Zilizobaki mgawane watu watano! Kijana aliyefundishwa kukoroga bila hesabu hii anaona 44,000 mkononi, anakula 20,000, wiki ijayo hana hela ya salfoniki.

MPAMBANAJI WA TEMEKE
Dada, unahesabu kama mtu wa ofisini. Kijana anapita nyumba kwa nyumba, anauza 1,500 mwenyewe. Duka la nini?

DADA MAUZO
Ofisi gani? Soma nilichoandika kabla ya kunipachika cheo. Nyumba kwa nyumba, chupa 40 zinaisha kwa siku ngapi? Zikiisha kwa siku tatu, faida ni 22,000 kabla ya nauli na chakula cha siku hizo. Na weka waliokopa wakasema "njoo mwisho wa mwezi". Siku za mtu ni gharama, ziandikwe. Somo hilo linachukua saa mbili tu, na halihitaji kompyuta.

KIJANA WA NYALI
Majirani, nyinyi mkopo hauna riba na bado mnalia. Huku Kenya Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ilianza mwishoni mwa 2022, riba asilimia 8 kwa mwaka, ule wa mtu binafsi unalipwa ndani ya siku 14. Hakuna darasa. Unaanza na shilingi 500 na nidhamu unaipata huko huko.

MKUFUNZI
Nani analia? Siku 14 zinamfaa mwenye genge anayenunua nyanya asubuhi na kuuza jioni. Anayetengeneza bidhaa hajamaliza hata kukusanya madeni. Usilinganishe.

FUNDI SIMU
Nirudi kwenye hiyo "kompyuta", kwa sababu ndiyo inayoniuma. Kompyuta 10, vijana 40, wiki nzima wanajifunza kupamba barua. Wakirudi nyumbani wana simu ya kioo kidogo. Wafundishwe kwenye hiyo hiyo! WhatsApp Business ni ya bure. Laini ya biashara iwe mbali na ya nyumbani. Kwenye katalogi, yaani orodha ya bidhaa zako, picha ipigwe mchana karibu na dirisha, na bei iandikwe; ukisema "njoo inbox" wengi hawaji. Weka lebo tatu: ameagiza, amelipa, anadaiwa. Kisha ingia Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba ya siri. Tarakimu sita zikija kwa ujumbe usimpe mtu yeyote, hata akijiita huduma kwa wateja. Akaunti ikichukuliwa, wateja wako wote wanaanza kupata "ile hela tuma kwenye namba hii".
Malipo yaingie kwa Lipa Namba (namba ya kupokea malipo ya simu) yenye jina la biashara, na jioni yaandikwe kwenye daftari: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, anayedaiwa.

MPAMBANAJI WA TEMEKE
Lipa Namba, halafu TIN (namba ya mlipakodi), halafu TRA, watu wa kodi, wanakukamua siku hiyo hiyo. Mnamtega kijana.

DADA MAUZO
Hapana kaka, hilo usilisambaze. TIN haina malipo, na unaiomba mtandaoni kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Uoga huu ndio unaowafanya vijana wamlipe mtu wa steshenari kwa kitu cha bure.

MPAMBANAJI WA TEMEKE
Sawa, kwenye TIN nimekuelewa. Lakini mada ilikuwa hela kwanza au darasa kwanza, na hakuna aliyejibu.

FUNDI SIMU
Nimejibu: siku tatu za simu na hesabu, mkopo, kisha mkufunzi awatembelee kila mwezi akague daftari. Wiki mbili za darasani zifutwe.

MKUFUNZI
Na nauli ya kuwatembelea nani analipa? Afisa maendeleo ya jamii wa kata ni mmoja.

KIJANA WA NYALI
Mkemia, hujasema kuhusu chumvi. Kwa nini sabuni ikiwa nyepesi watu wanaongeza chumvi na inazidi kuwa maji?

MKEMIA WA KARIAKOO
Chumvi inafanya sabuni kuwa nzito mpaka kiwango fulani. Ukikipita, uzito unaanguka na haurudi kwa kuongeza chumvi nyingine. Yeyusha chumvi pembeni, mimina kikombe kimoja, koroga, subiri dakika tano uone. Acha ikiwa bado nyepesi kidogo, maana povu likituama inaonekana tofauti. Iliyokwisha kupita kiwango iokoe kwa kuongeza maji na slesi iliyolainishwa kwa maji, kidogo kidogo. Na ujaribu kwanza kwenye jagi la lita moja, usiguse ndoo nzima.