Majani ya nyanya kuwa njano kwenye ndoo: kuyasoma kwa macho, kupima maji yanayochuruzika, au maabara?

NyanyaZaKibarazani
Wakuu, naomba ulinganisho. Nyanya ziko kwenye ndoo za lita 20, mchanganyiko wa kumbi za nazi na mboji, nusu kwa nusu, zimefika kishada cha tatu. Majani ya chini yanakuwa njano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe bado kijani. Machache yameungua kingo. Majani ya juu hayana shida. Mbolea ni ya maji, yenye potashi (potasiamu) nyingi, kila wiki.

Njia zinazotajwa ni tatu: kusoma dalili kwa macho, kupima pH (uchachu) na EC (wingi wa chumvi) ya maji yanayochuruzika chini ya ndoo, au kupeleka majani maabara. Ipi itangulie, na kila moja inadanganya wapi?

JichoLaJani
Macho yatangulie, lakini kabla ya kuangalia rangi angalia jani linaloumwa liko wapi. Nitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu mmea unaweza kuvihamisha. Vikipungua unavinyonya kutoka majani makuukuu na kuvipeleka kwenye chipukizi, kwa hiyo dalili zinaanzia chini. Kalsiamu, chuma, manganisi na boroni zikishakaa kwenye jani hazitoki, kwa hiyo zikipungua wanaoumia ni majani machanga. Swali hilo moja linafuta nusu ya orodha.

Kwa majani ya chini:
Njano ya jani zima pamoja na mishipa, mmea umedumaa na mwembamba: nitrojeni.
Njano kati ya mishipa, mishipa ikibaki kijani: magnesiamu.
Kingo zinakauka kuelekea ndani kama zimebabuliwa, na matunda yanaiva mabaka mabaka: potasiamu, au chumvi imezidi. Hizi mbili kwa macho zinafanana sana.
Zambarau upande wa chini wa jani: fosforasi. Ila miche iliyopigwa na baridi hufanya hivyo hivyo hata udongo ukiwa na fosforasi tele, kwa sababu mizizi yenye baridi haifyonzi.

Kwa majani ya juu, njano yenye wavu mwembamba wa kijani unaoanzia kwenye kikonyo ni chuma. Ncha zilizokufa na machipukizi yanayovunjika kwa urahisi, fikiria boroni au kalsiamu.

Macho yanadanganya hapa: yanakuambia kipi hakimo ndani ya jani, hayakuambii kama hakimo ndani ya ndoo. Magnesiamu inaweza kuwa tele chini na mmea ukashindwa kuichukua.

MsakaUtitiri
Kabla hamjafika kwenye virutubisho, geuzeni jani. Hiyo haipo kwenye njia tatu za mleta mada, na ndiyo ya bei ya bure.

Kioo cha kukuza mara 10 kinatosha kwa utitiri wekundu. Utaona vidoa vidogo vya njano kama jani limechomwachomwa na sindano, na baadaye utando. Pigapiga jani juu ya karatasi nyeupe, vumbi likianza kutembea umepata jibu. Vithiripi, wadudu wadogo wembamba, wanaacha mng'ao wa fedha na nukta nyeusi za kinyesi. Utitiri mpana hauonekani kwa kioo hicho, lakini kazi yake inaonekana: chipukizi linajikunja, linakuwa gumu na la rangi ya shaba. Watu wengi hulitibu kwa kalsiamu bila mafanikio yoyote.

Kingo za majani machanga zikijikunja juu kama kikombe, zikawa njano na mmea ukasimama kukua huku nzi weupe wakiruka ukiugusa, huo ni ugonjwa wa virusi vya njano na hakuna mbolea itakayousaidia. Ng'oa, funga kwenye mfuko.

Na tofautisheni na kujikunja kwa majani ya chini kwa sababu ya joto au kupogoa kupita kiasi. Hayo ni mazito, yamejiviringisha, lakini ni kijani kabisa. Yaacheni.

Kanuni moja ya haraka: upungufu wa kirutubisho hupenda ulinganifu, upande wa kushoto wa jani hufanana na wa kulia. Vidoa vilivyotawanyika ovyo, vyenye duara ndani ya duara, ni bakajani tangulia, ugonjwa wa kuvu. Vidogo vyenye kitovu cha kijivu na ukingo mweusi ni septoria, nao ni wa kuvu. Njano ya upande mmoja wa mmea ni mnyauko wa fusari, pasua shina uone kama kuna kahawia ndani.

Mizani_pH
Nakubaliana na wote wawili, ila kwa mmea wa kwenye ndoo mimi siweki hata kijiko cha kitu bila njia ya pili. Shambani mizizi inaweza kukimbia chumvi. Kwenye ndoo haina pa kwenda.

Namna ya kupima vizuri:
1. Mwagilia kawaida mpaka maji yaanze kutoka chini. Subiri dakika 30 hadi 60.
2. Inua ndoo, weka sahani safi chini. Maji ya mwagilio yaliyobaki kwenye sahani yamwage, usiyachanganye.
3. Mimina maji yaliyosafishwa juu, taratibu, kuzunguka ndoo yote, kiasi cha kutoa mililita 50 tu. Ukitoa nusu lita umeshapunguza makali na namba haina maana.
4. Pima papo hapo. Kipimo cha pH kisawazishwe kwa miyeyusho ya 4.0 na 7.0, cha EC kwa myeyusho wa 1.413 mS/cm.
5. Pima ndoo tatu au nne. Moja inaweza kuwa na mfereji ndani, maji yanapita pembeni bila kugusa mizizi.

Kusoma namba: pH 5.5 hadi 6.5 ni sawa kwa mchanganyiko usio na udongo. Ikipita 7, chuma na manganisi vinajifunga hata kama vimo. EC kati ya 2 na 3.5 mS/cm nyanya inaendelea vizuri. Chini ya 1 ina njaa. Juu ya 4 mizizi inashindwa kuvuta maji, kingo zinaungua.

Pima pia EC ya maji matupu ya kumwagilia. Yakiwa 1 tayari, mbolea yako inaanzia juu ya hapo.

Vile vipimo vya bei nafuu vyenye vijiti vya kuchomeka havifai kwenye kumbi za nazi. Namba inabadilika kwa unyevu na jinsi ulivyokishindilia.

MbojiTupu
Na maabara isidharauliwe. Boroni, shaba, zinki, molibdenamu: macho hayavitofautishi vizuri na EC haivitaji kabisa, inajumlisha chumvi zote. Lakini sampuli ndiyo inayoharibu majibu. Chukua jani lililokomaa karibuni, kwa kawaida la nne au la tano kutoka kwenye ncha, kutoka mimea kadhaa, na mfuko wa pili wa majani ya mimea yenye afya ya umri uleule kwa kulinganisha. Mfuko uwe wa karatasi, wa plastiki unaozesha. Usipeleke majani uliyoyapulizia mbolea. Kwa ndoo nne tano za nyumbani naona ni kazi kubwa kuliko faida, labda tatizo lirudi kila msimu.

Kuna jambo ambalo njia zote tatu hazilioni: mboji au samadi yenye masalia ya dawa ya magugu. Aminopyralid, mojawapo ya dawa hizo, hupita kwenye nyasi, kwenye tumbo la ng'ombe, mpaka kwenye samadi ikiwa bado kali. Majani machanga ya nyanya yanakuwa membamba, yamesokotwa kama ya kangaga. Jaribio lake: panda maharage kwenye mboji hiyo na mengine kwenye mchanganyiko usiotiliwa shaka, subiri wiki mbili hadi tatu, linganisha majani ya tatu.

NyanyaZaKibarazani
Shukrani. Wadudu hakuna, karatasi nyeupe imebaki nyeupe. Ndoo nne: pH 6.2, 6.1, 6.2, 6.3. EC 4.6, 4.4, 4.8, 4.5. Maji matupu 0.4. Kumbi za nazi zilioshwa kwa maji tu kabla ya kupanda. Niweke chumvi ya Epsom (salfati ya magnesiamu) kwenye maji ya kumwagilia au nipulizie?

Mizani_pH
Kwenye maji, hapana. EC yako iko 4.6 tayari, na chumvi ya Epsom nayo ni chumvi. Osha kwanza: maji matupu mara mbili ya ujazo wa ndoo, yaani lita 40, kidogo kidogo kwa muda wa saa moja, na matundu ya chini yawe wazi. Pima tena siku inayofuata kwa utaratibu uleule mpaka ishuke chini ya 2.5. Halafu rudi na mbolea kwa nusu ya kipimo, na kila ukimwagilia sehemu ya kumi hadi ya tano ya maji itoke chini.

JichoLaJani
Na upulizie, maana majani yanapita kando ya mizizi iliyobanwa. Gramu 20 kwa lita, matone mawili ya sabuni ya maji, jioni au siku ya mawingu. Rudia baada ya wiki mbili, mara tatu zinatosha.

MsakaUtitiri
Mimi ningeanza na gramu 10. Mmea uliokwishaungua kwa chumvi unaungua upesi zaidi. Jaribu majani mawili, subiri siku mbili, ndipo upulizie mmea mzima.

MbojiTupu
Chanzo mnakipita haraka. Kumbi za nazi zilizooshwa kwa maji tu bado zina potasiamu na sodiamu zilizong'ang'ania kwenye nyuzi. Zikikutana na mbolea, nyuzi zinashika kalsiamu na magnesiamu na kuachia potasiamu. Ongeza hapo mbolea ya potashi nyingi kila wiki: potasiamu inaibana magnesiamu mlangoni mwa mizizi. Kwa hiyo badilisha mbolea yenyewe, la sivyo baada ya mwezi tutakuwa hapa hapa. Kwa upandaji ujao loweka kumbi kwenye nitrati ya kalsiamu saa 24, kisha osha.

NyanyaZaKibarazani
Nitaanza na gramu 10. Naweza kuchanganya nitrati ya kalsiamu na Epsom kwenye chupa moja, niwe natoa kidogo kidogo?

Mizani_pH
Zikiwa kali, usithubutu. Kalsiamu na salfati hutengeneza jasi, inatua chini kama unga mweupe, na vyote viwili unakuwa umevipoteza. Chupa mbili tofauti, na kila moja iingie kwenye ndoo ya maji ikiwa imeshayeyushwa. Na usisubiri majani ya chini yapone. Kingo zilizokauka hazirudi, njano itapungua kidogo tu. Angalia majani ya katikati baada ya siku 10 hadi 14: njano ikiwa haijapanda juu zaidi, endelea hivyo hivyo. Ikipanda na EC ikiwa chini ya 2.5, ng'oa mmea mmoja ukague mizizi. Ya kahawia na laini, ganda likichunika mkononi, basi imeoza na tatizo ni maji yanayotuama.