Kugawa sawa ndo kutenda haki? Naombeni ushauri, usingizi sina

Mleta uzi: Wakuu, mama yetu alifariki, nyumba imeuzwa, warithi tupo watatu. Mmoja aliacha kazi akamuuguza mama miaka 6, wengine wawili walikuwa wanapiga simu tu. Kugawa sawasawa ndo haki kweli? Siku ya tatu silali.

Kipepeo: Usawa na haki ni vitu viwili mkuu. Neno insafu, yaani haki, na neno nusu yametoka shina moja la Kiarabu, ndo maana mtu akisikia haki anawaza kukata katikati, ila aliyebeba mzigo na aliyekaa kivulini huwapi ujira sawa.

Dada Mkubwa: Mimi nilimuuguza baba, usiku namgeuza kila masaa mawili asitoke vidonda, na kwenye mgao nikapata sawa na wenzangu. Kumuuguza mzazi sio kibarua jamani, tumwogope Mungu.

Kanzu Nyeusi: Anayegawa ni nani? Na aliyeuguza ni nani?

Mleta uzi: Hilo halihusiani na swali langu.

Kanzu Nyeusi: Linahusiana sana. Jibu.

Mleta uzi: Sawa. Msimamizi wa mirathi ni mimi na aliyeuguza ni mimi. Nusu nishaihamishia kwenye akaunti yangu, sijagusa hata senti. Wadogo zangu ningewaambia wangeleta kelele tu, uzito wa ile miaka naujua mimi peke yangu.

Kanzu Nyeusi: Hapo ndo umeharibu. Sheria ina kanuni mbili za zamani sana, mtu hahukumu kesi yake mwenyewe, na pande zote zisikilizwe. Uingereza mwaka 1923 karani wa mahakama aliingia na mahakimu chumbani wakati wanaamua kesi, na ofisi yake ya uwakili ilikuwa inamdai fidia mshtakiwa huyohuyo kwa niaba ya mteja. Hakuulizwa neno, hakusema neno, na hukumu ikafutwa vilevile, maana haki lazima ionekane ikitendeka. Inawezekana hiyo nusu unastahili, ila umejipa mwenyewe, kimyakimya.

Dada Mkubwa: Rudisha hela kwanza, muitane.

Mpita Njia: Hii chai. Wiki iliyopita kuna mtu kaleta kisa hikihiki, nyumba, warithi watatu, ila yeye ndo mdogo na anasema kila mwezi alikuwa anatuma hela ya dawa. Mnatungiwa.

Mleta uzi: Sijatunga. Nitumie huo uzi tafadhali. Hela ya dawa ni kweli alikuwa anatuma.