Shemeji anasema sikumwambia kuhusu chanjo, na ujumbe niliomtumia bado ninao. Nimwoneshe?

Bwana Mifugo (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, na mnivumilie maana ni refu.

Mimi ni afisa mifugo wa kata, mkoani Morogoro, huu ni mwaka wa 11 kazini. Machi 2022 shemeji yangu, mke wa kaka mkubwa, alichukua hela yake ya kikoba akanunua vifaranga 300 vya kuku wa mayai. Alinipigia maboksi yakiwa bado kwenye bajaji. Nikaacha nilichokuwa nafanya, nikaenda. Tulitandaza maranda, tukafunga taa, tukapima joto, na usiku nilipofika nyumbani nikamwandikia ratiba nzima ya chanjo kwenye simu: siku ya 7 kideri (Newcastle), siku ya 14 gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi), siku ya 21 kideri tena, siku ya 28 gumboro tena, wiki ya 6 hadi ya 8 ndui, halafu kideri kila baada ya miezi 3 mpaka siku wanauzwa. Nikamweleza na habari ya maji. Ya bomba yana klorini, inaua chanjo, kwa hiyo kama hana ya kisima atangulize maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu mbili na nusu kwa lita. Awanyime maji saa moja au mbili ili wawe na kiu, na chanjo iishe ndani ya saa 2.

Chanjo zote za kundi hilo la kwanza nilikwenda mwenyewe na kiboksi changu cha barafu. Sikuchukua hata nauli. Ni shemeji yangu, ningemdai vipi?

Kundi lile lilifanya vizuri sana. Desemba walikuwa wanaokota trei 8 kwa siku. Siku ya kuvunja kikoba, akina mama wakamwuliza siri yake. Akasimama akasema ni mwarobaini na shubiri kwenye maji ya kunywa, na akamalizia, "Kuku wangu hawajui daktari." Mimi nilikuwepo, safu ya pili. Nilinyamaza.

Februari 2024 akaleta vifaranga 350. Safari hii hakunipigia. Alichanja siku ya 7 na ya 14, akaona wazima, akaacha. Septemba, Jumapili, saa 12:40 asubuhi, simu. Nilipofungua banda wa kwanza kumwona alikuwa mtetea amesimama pembeni, shingo imepinda, anaangalia bati. Kinyesi cha kijani kila mahali juu ya maranda. Kwenye kiota yai halina gamba, ukiligusa linabonyea. Asubuhi ile tulitoa mizoga 41. Kideri ni virusi, hakina dawa, ndugu zangu. Ukikuta ugonjwa umeshaingia, unachoweza kufanya ni kufunga banda, kuchoma au kufukia mizoga, na kuzuia watu wasiupeleke kwa jirani na viatu vyao. Siku ya tisa walibaki 112.

Wiki iliyofuata tukakutana kwa kaka. Shemeji akasema mbele ya mama yetu mzazi, "Tuna daktari ndani ya ukoo, na hakuna aliyeniambia kwamba chanjo inarudiwa." Mama akanitazama. Nikashindwa kusema neno.

Usiku nikautafuta ule ujumbe. Upo. Machi 2022, saa 3:12 usiku, na chini yake jibu lake: "Asante shem, Mungu akubariki."

Mke wangu anasema niache. Nilitaka kusema sifa hazinihusu, lakini nitakuwa nadanganya, zinaniuma. Kinachoniuma zaidi ni wale kuku, maana walikufa kwa kitu nilichokwisha kukisema. Naanza kujiuliza kama hii miaka 11 ya kuongea kuna sehemu imekaa. Nimwoneshe?

Mtoto wa Kariakoo

Mwoneshe mkuu. Piga picha ya skrini, tupia kwenye grupu la familia, usiandike kitu. Umechafuliwa mbele ya mama yako mzazi, usafishwe hapo hapo. Watu wa namna hii ukiwanyamazia wanadhani wana haki.

Hesabu Zako

Usitupie kwenye grupu, tafadhali. Mimi ni mhasibu Mwanza na hili lilinikuta. Nilikuwa na mteja wa vifaa vya ujenzi, zama zile kiwango cha kujisajili VAT ni mauzo ya milioni 100 kwa mwaka, kabla hakijapandishwa hadi milioni 200 mwaka 2023. Nilimwambia mara tatu, dukani kwake, amesimama pale kwenye kaunta: bosi, umeshapita, jisajili. Anaitikia "sawa dada," anaendelea kuhesabu nondo. Walipokuja kumkagua akawaambia wakaguzi mhasibu wangu hakunielekeza. Nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Nikamwonesha daftari langu lenye tarehe zote tatu, mbele ya wafanyakazi wake. Nilishinda ile hoja, na mteja nikampoteza siku ile ile. Kilichoniuma ni kwamba hata baada ya hapo hakujisajili kwa wakati, kwa sababu sasa hakuwa na mtu wa kumfuatilia.

Tangu hapo ushauri wowote mkubwa nauandika kwenye karatasi moja, namsomea mteja, anasaini, nakala moja anabaki nayo. Simtegi. Mtu akisaini kitu anakuwa amekisikia.

Mfamasia Mbeya

Pole sana kaka. Niseme la upande wangu. Kila siku natoa dawa mseto ya malaria. Dozi ya kwanza unameza hapo hapo, ya pili baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mgonjwa anasema "nimeelewa." Zamani nilikuwa namwachia aende. Siku hizi namwambia, hebu nielekeze mimi kama vile mimi ndiye mgonjwa. Wengi wanasema "asubuhi na jioni siku tatu." Ile ya saa 8 imeshatoka, na hajamaliza hata dakika mbili dirishani kwangu. Hana dharau. Ana homa, ana mtoto mgongoni, anawaza nauli.

Sasa wewe ulimwandikia shemeji chanjo zaidi ya sita, klorini, maziwa ya unga na masaa, kwa ujumbe mmoja, saa tatu usiku, siku amepokea vifaranga 300. Ulimwambia, kweli. Uliwahi kumwuliza akurudishie?

Bwana Mifugo

Mfamasia, sijawahi. Wala sijawahi kumwuliza mfugaji yeyote. Tunaulizaga "umeelewa?" anajibu "ndiyo," tunaondoka.

Mfugaji Kisarawe

Mimi ni mfugaji, nasoma hapa kimya kimya tangu jana na nimeona nisipite. Mwaka 2019 kuna binti wa mifugo alinifuata bandani akaniambia vyombo vya maji viko chini mno, kuku wanamwaga, maranda yanalowa, ndiyo maana kila baada ya wiki kuku wangu wanaharisha damu na nanunua dawa ya coccidia (vimelea vya utumbo). Alivipandisha mwenyewe usawa wa mgongo wa kuku. Alitumia matofali mawili yaliyokuwa nje. Tangu siku ile nimesahau hata dawa ile inauzwa shilingi ngapi.

Na huyo binti nilimsahau naye. Nimemkumbuka jana nikisoma uzi wako.

Ushauri wenu ninyi watu wa kinga una shida moja: ukikubali, hakuna kinachotokea. Kuku hawaumwi. Unaamka, unaokota mayai, unauza. Daktari wa binadamu anakufungua jipu, unaliona. Wewe ulichompa shemeji ni miaka miwili ya kutokuona kitu. Yeye kila siku alichokuwa anakiona kwa macho ni mwarobaini anaouchuma mwenyewe. Simtetei alichokisema kwa mama, pale alikosea. Nakwambia tu jinsi inavyoonekana ukiwa ndani ya banda.

Namba ya yule binti nimeitafuta, nimempigia leo mchana. Amehamishiwa mkoa mwingine. Hakunikumbuka mpaka nilipomtajia matofali.

Mtoto wa Kariakoo

Hapo kwenye matofali nimekaa kimya. Lakini mama yake bado anajua jambo ambalo si kweli. Hilo msilifunike.

Mzee wa Ugani

Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuitoa. Nimestaafu, nilianza kazi tukitembea na baiskeli na chupa ya chai yenye barafu ndani, chanjo ikipata joto umemwaga kazi ya siku nzima. Ninyi mna ile chanjo ya kideri ya I-2, ya tone moja jichoni inayotengenezwa Kibaha, inavumilia joto, mshukuru.

Mtoto wa Kariakoo ana haki katika hilo la mama. Nenda kwa mama yako peke yako, kaa naye, mwambie kwa mdomo. Simu usiitoe. Mama anamjua mwanawe.

La shemeji ni lingine. Mimi maneno yangu nilikuwa nayaandika mlangoni mwa banda. Kwa mkaa kama hakuna chaki. Tarehe ya leo, tarehe ya kurudi, basi. Sikuandika jina langu. Simu inaibiwa, karatasi inafungiwa karanga, lakini mlango ataufungua kila asubuhi. Nilipita kijiji kimoja miaka mingi baada ya kuhama, nikakuta mlango umeshabadilishwa na tarehe bado zinaandikwa, na mwandiko ni wa mtoto. Nikamwuliza nani kakufundisha? Akasema, "Hapa kwetu ndivyo tunavyofanya." Sikumwambia kitu. Niliomba maji ya kunywa nikaendelea na safari.

Bwana Mifugo: MREJESHO

Wakuu, asanteni wote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na kitu mkononi.

Kwa mama nilikwenda Ijumaa. Nilimwambia, "Mama, nilimwandikia." Akasema, "Najua. Ulikuwa unakuja na lile boksi lako." Yamekwisha.

Kwa shemeji nilikwenda Jumamosi. Tukakaa kwenye ndoo nje ya banda. Nikafanya alivyosema Mfamasia. Nikamwambia, "Shem, nielekeze mimi, nimeleta vifaranga leo, nachanja vipi?"

Akaanza. Wakuu, alielekeza vizuri kuliko vijana wa mafunzo kwa vitendo. Siku ya 7, siku ya 14. Maji ya bomba yanaua chanjo. Maziwa ya unga yatangulie nusu saa. Usichanje mgonjwa. Chanjo ikishachanganywa "haimngojei mgeni," na hayo ni maneno yangu mimi, huwa nayasema kila kijiji. Akaendelea mpaka siku ya 28, ndui, akanyamaza. Nikangoja. Akasema, "Basi, hapo wamekomaa."

Nikamwuliza haya yote ameyajulia wapi. Akashangaa swali lenyewe. "Si ndiyo ufugaji, shem? Nayajua tu."

Nilikuwa na simu mfukoni. Sikuitoa. Nilimwambia, "Kimebaki kimoja, kideri kila miezi mitatu." Akarudia. Nikamwambia tena aniambie, akarudia tena. Halafu akauliza, "Kwa hiyo wale wa kwanza ulikuwa unakuja kwa ajili hiyo?" Nikamjibu ndiyo. Akakaa muda anaangalia lile banda, akainuka kwenda kutafuta kitu cha kuandikia.

Hakuniomba radhi, na sikumwomba aniombe. Banda sasa limepigwa dawa na litakaa tupu kabla ya vifaranga wapya kuingia. Wale 112 wapo upande wa pili, tunawauza kidogo kidogo wa kuchinja baada ya kuhakikisha ugonjwa umekwisha.

Mzee wa Ugani, mkaa haukushika kwenye bati. Ametumia rangi nyekundu iliyobaki kwenye geti la kaka, na brashi imekwisha nywele, kwa hiyo namba 7 inafanana na 1. Nimemwambia airudie.