Mjadala: Kikundi cha filamu kidaiwe vyeti ndipo kipewe mkopo wa halmashauri?

Mwanzisha mada (mhariri wa picha, Shangani, Mtwara)

Wadau wa Mtwara na Lindi, habari za saa hizi. Naileta mada hii hapa kwa sababu vijiweni imeshageuka ugomvi na kila anayeisimulia anaitia chumvi.

Kuna kikundi cha vijana kimetengeneza filamu ndefu kwa pesa za mfukoni. Haijatoka bado, wachache tu tumealikwa kuitazama. Sasa wanataka kufanya ya pili, wakaomba mkopo wa vijana, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, hauna riba. Mnajua ilisitishwa 2023 na kurudishwa 2024, na tangu irudi uchujaji umekaza. Halmashauri siitaji. Maombi yakarudi na agizo: kila mhusika aoneshe taaluma yake ya filamu, aambatishe cheti.

Hawana. Mpiga picha katokea kwenye harusi. Wa taa ni fundi umeme wa majumbani. Mavazi alisimamia fundi cherehani wa Magomeni. Aliyetafuta maeneo ya kushutia alikuwa kibarua wa kupuliza salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho. Na mimi niliyehariri nilianzia steshenari, kuchapa barua na kusafisha picha za pasipoti.

Msimamo wangu nautoa mapema: kamati ina haki ya kuuliza maswali, tena makali. Hizo ni hela za ushuru, za mkulima wa korosho na mama muuza samaki. Ila imeuliza swali lisilopima kitu. Iulize hawa watu wamefanya kazi gani huko nyuma, na kazi hiyo inawasaidiaje kwenye filamu.

Chukueni huyo wa salfa. Walishuti vijijini kuanzia Juni, wakati kila mwenye mikorosho anapuliza. Zile mashine za mgongoni zikianza kunguruma alfajiri, maiki hainasi kitu kingine. Yeye alikuwa anajua shamba lipi limepulizwa jana kwa hiyo leo liko kimya, nani hapulizi mpaka wiki ijayo, na ni kwa nani ukiingia bila hodi utatolewa na panga. Ratiba nzima aliipanga yeye, kichwani, bila karatasi.

Fundi umeme naye. Kuna tukio la jikoni usiku, taa ya LED ya kawaida, na kwenye kioo cha kamera ikawa inapita michirizi myeusi kwenda juu. Kila mtu anasema kamera mbovu. Yeye akauliza shata, yaani kasi ya kamera kufungua na kufunga, imewekwa ngapi. Imewekwa 1/60 ya sekunde. Akasema, "Umeme wetu ni hezi 50, wekeni 1/50." Michirizi ikaisha pale pale, tukaendelea.

Karibuni tujadili. Matusi hapana.

Mstaafu wa serikali, Lindi mjini

Kijana, umesema vizuri, lakini umesema kisanii. Mimi nimekaa kwenye kamati za mikopo, najua upande wa pili wa meza unavyoonekana.

Kikundi cha kuku kikifilisika, tunakuta banda. Cha ushonaji, tunakuta vyerehani. Cha filamu kikifilisika tunakuta nini? Faili kwenye kompyuta ya mtu ambaye simu yake haipatikani. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimelalamikia mara ngapi mikopo ya vikundi isiyorejeshwa? Na siku ya kuhojiwa, anayesimama ni afisa maendeleo ya jamii, huyo mpiga picha wenu atakuwa yuko kwenye harusi Nachingwea. Cheti ni kinga ya yule anayesaini. Msimlaumu kwa kutaka kinga.

Kameramani wa harusi, Masasi

Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima zote, cheti hakijawahi kurejesha mkopo.

Mimi ni wa harusi na sioni haya. Ukumbini hakuna "rudia". Bwana harusi akishamvisha mwenzake pete, imeisha hiyo, hawezi kuivua kwa sababu betri yako imelala. Unajifunza kuona jambo kabla halijatokea. Wenye vyeti wakija huku na droni zao wanatuomba sisi tuwaoneshe pa kusimama. Na Ousmane Sembène, mnayemwita baba wa sinema ya Afrika, si alikuwa kuli wa bandari kule Marseille? Nani alimdai cheti?

Mhitimu wa sanaa za maonesho, mzaliwa wa Mikindani

Kaka wa Masasi, umenirahisishia kazi.

Nami nilialikwa kuitazama hiyo filamu. Nimeipenda kuliko nilivyotarajia, hasa sura za watu, maana hakuna anayeigiza kwa kukodoa macho. Lakini mama anakatiza uani na ndoo, kilemba chake kina fundo kushoto. Akiingia ndani fundo limehamia kulia. Baba na mwana wanagombana, wote wawili wanatazama upande uleule wa skrini, utadhani wanamgombeza mtu wa tatu aliyekaa nje. Na kila mtu akilia kamera inamvuta usoni. Hiyo ni tabia ya ukumbini, ya kufukuza machozi ya mama mzazi wa bibi harusi.

Hakuna aliyekuwa anaandika mwendelezo: nani kavaa nini, kashika nini, kwa mkono gani, katazama wapi. Nilipouliza, hakuna aliyejua kuwa ni kazi ya mtu mmoja kwa siku nzima. Harusini kazi hiyo haipo kwa sababu harusi inajiendeleza yenyewe. Uzoefu wako wa Masasi ni mali, kaka, ila umekuzoesha pia kutoona vitu fulani.

Na hadithi ya Sembène uimalizie. Ni kweli alikuwa mvuvi, mwashi, kuli. Alipotaka kutengeneza filamu alikuwa na umri unaokaribia miaka 40 na vitabu vyake vimeshachapishwa, na bado mwaka 1962 alikwenda Moscow akakaa darasani kama mwanafunzi. Kama yeye hakuona aibu, nyie aibu ya nini?

Mfunga muziki wa shughuli, Mikindani

Dada hapo umepiga penyewe, nakazia kwa upande wa sauti.

Mtu aliyetokea kwenye spika za shughuli amezoea kuongeza. Watu wa nyuma hawasikii, ongeza. Filamu inataka kinyume chake: ukimya kwanza, halafu neno moja la mtu anayenong'ona mita mbili kutoka kwako. Kusi inapovuma pale ufukweni, sponji inayokuja na maiki haizuii kitu, lazima uivishe manyoya. Manyoya hayo huku hayauzwi, kwa hiyo fundi cherehani alishona kutokana na blanketi la mtoto, likafanya kazi vizuri tu. Kuna jambo jingine ambalo kwenye spika huwezi kulijua: kila mahali mnaposhuti, kabla hamjaondoka, watu wote wanyamaze dakika moja urekodi hewa ya hapo, mhariri apate kiraka cha kuzibia kati ya maneno. Nililijua baada ya kukaa siku chache na mtu aliyesomea. Siku chache tu, sio miaka miwili.

Kwa hiyo mimi niko katikati, mnisamehe.

Mwanzisha mada

Dada, kuhusu kilemba sina la kujitetea kwa niaba yao, nilikiona nikiwa nahariri na hapakuwa na picha nyingine ya kuchagua.

Lakini angalia ramani. TaSUBa, chuo cha sanaa cha serikali, iko Bagamoyo. Kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550, bado hujaitafuta Bagamoyo yenyewe. Ada, chumba, chakula, na nyumbani unategemewa. Ukiweka sharti la cheti, utawapata watoto wa wenye nazo waliosomea Dar, nao hawarudi kushuti Tandahimba. Filamu za huku zitaendelea kutengenezwa na wageni wanaokuja wiki mbili na kutupa kazi ya kubeba mizigo.

Pengo la mwendelezo lipo, nakubali. Nauliza tu kama mtu wa kulijaza hayupo tayari mjini. Karani wa ghala la chama cha msingi cha wakulima wa korosho: msimu mzima anaandika kila gunia, la nani, uzito gani, daraja gani, limeingia lini, na akikosea gunia moja mnada unasimama. Mpe huyo daftari na filamu, mwambie kilemba ni gunia.

Mhitimu wa sanaa za maonesho

Karani wa ghala namchukua leo hii. Nipeni wiki mbili naye. Hapo tunaanza kuelewana.

Mjukuu akiandika kwa niaba ya bibi yake, Newala

Bibi nimemsomea yote haya. Naandika anavyosema.

"Mnabishana nani ana cheti. Mimi nimekaa na wasichana waliocheza kwenye hiyo filamu nikiwafundisha mwali anavyokaa, anavyoamkia, lini ananyanyua uso na lini hanyanyui. Nikawaambia kamera ifike wapi na wapi isifike, wakanisikiliza, hilo nawashukuru. Mwisho wa filamu majina yanapanda, la dereva limo, la mpika chai limo. Langu halimo. Wameandika 'shukrani kwa wazee wote wa kijiji'. Mimi ni somo, yaani kungwi, nimecheza wanawali tangu mama zao hawajaolewa. Hiyo nayo ni kazi. Niandikwe, na nilipwe kama mlivyomlipa dereva."

Mwanzisha mada

Bibi, shikamoo. Madai yako ni ya haki na hayahitaji mjadala. Nakala ya kupeleka Bodi ya Filamu haijafungwa, kwa hiyo jina litaingia. La malipo nawaachia wenye kikundi, wanasoma hapa.

Mwalimu wa ufundi, Mtwara mjini

Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mwashi aliyefundishwa na mjomba wake anapimwa kwa vitendo, penye pengo anaongezewa mafunzo, anapewa cheti. Umeshafanyika kwa waashi, maseremala, mafundi magari, wapishi.

Kamati ingeweza kuiga upimaji huo bila kusubiri mtu yeyote. Wape kikundi siku moja na tukio la dakika mbili: watu wawili wanazungumza, mmoja anatoka nje. Waite mtu anayejua atazame. Kilemba kitaonekana, upepo utasikika, na mtajua kama wanajua. Gharama yake ni chakula cha mchana.

Mstaafu wa serikali, Lindi mjini

Hilo la kupimwa naliafiki, tena ningelipitisha. Bibi wa Newala nampa pole.

Lakini swali langu la banda limepitwa pembeni kwa ustadi mkubwa. Nalirudia: deni mtalilipaje?

Mwanzisha mada

Mzee, tuseme ukweli. Filamu yenyewe mwaka wa kwanza haitalipa deni. Atakayekwambia inalipa anakudanganya. Kinacholipa ni harusi. Korosho zikianza kuuzwa Oktoba, hela zikiingia, shughuli hazikatiki mpaka Januari. Kamera, taa na maiki zitakazonunuliwa kwa mkopo zitafanya kazi huko, na namba za vifaa vyote zitaandikwa ofisi ya kata. Siku mkija kukagua, mtavikuta.

Kwa hiyo ile kazi ambayo kamati imeiona si taaluma, ndiyo itakayorudisha hela za kamati.

Mhitimu wa sanaa za maonesho

Basi huo ni mkopo wa harusi, filamu imepewa lifti tu. Sipingi, ila mjue kuwa kikundi kinachoishi kwa harusi kitaendelea kushuti kama harusi. Hapo hamjanishawishi.

Mstaafu wa serikali, Lindi mjini

Na sisi kwenye kamati hatukatai harusi. Andikeni hivyo hivyo kwenye andiko la mradi: mapato yanatoka harusini, filamu ndiyo kazi inayokuzwa. Mkiandika kwamba filamu itauzwa Afrika Mashariki nzima, mimi ningekuwa wa kwanza kuitupa.

Kameramani wa harusi, Masasi

Sawa, ila Oktoba mpaka Januari mimi kwenye kushuti hamnipati, hata mnipe nini.

Kibarua wa salfa, Tandahimba

Ndimi mliyekuwa mnanitaja. Juni nako hapana, safari hii nina mashamba ya kupuliza. Shutini Mei: mvua inakuwa imekatika na mashine hazijaanza.

Kameramani wa harusi, Masasi

Mei usiiamini sana mdogo wangu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua, barabara ya Dar ikakatika Somanga. Kama kuna vifaa vya kukodi Dar, viwe vimeshafika Aprili.

Kibarua wa salfa, Tandahimba

Nimekusikia kaka. Ila mimi nalipwa kwa siku. Ya kwanza nililipwa wali na nauli.

Mstaafu wa serikali, Lindi mjini

Kwa siku shilingi ngapi? Hiyo nayo iingie kwenye andiko, pamoja na ya bibi.