Ati mimi ni MAKTABA ISIYO NA KATALOGI!!!

Mzee_wa_Kadi:
Nimetoka Oile, hapa Kisumu mjini, sasa hivi, chai sikumaliza, na mkono bado unatetemeka, kwa hivyo msinisahihishe herufi. Yule kijana mnamjua. Yule wa simu mbili, anayekaa upande wa kivuli kila siku. Sitamtaja.

Nilikuwa naeleza watu taratibu: reli ilianza Mombasa 1896, ikafika ziwani hapa 1901, na mahali pakaitwa Port Florence, ndiyo Kisumu yetu hii. Kimya. Hata mbwa hakugeuka. Kijana akachomoa simu akasoma, "Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika ziwani 1901." MAKOFI! Watu wazima na ndevu zao wanapigia kioo makofi! Mama wa chai akasema, "Huyu mtoto amesoma." Maneno yangu yaleyale, bado yana mate yangu!

Nikamwambia hayo nimeyasema mimi. Akaniangalia kuanzia viatu kupanda, akasema: "Mzee, wewe ni maktaba isiyo na katalogi. Una vitu, lakini hakuna namna ya kutafuta ndani yako."

Mimi! Niliyechapa kadi za katalogi kabla hajazaliwa! Kadi ya mwandishi, kadi ya jina la kitabu, kadi ya mada, zote kwa taipureta. Namba ya rafu ya historia ya Kenya ni 967.62, niamsheni hata usiku wa manane. Niiteni mchawi, niiteni mwizi wa omena. Lakini isiyo na KATALOGI?

NyarKondele:
"Hakuna namna ya kutafuta ndani yako." Wueh! Nimecheka mpaka abiria mwenzangu amehama kiti. Pole mzee, lakini kijana ana kipaji.

Omena_Kavu:
Nilikuwepo. Hajawaambia kwamba kabla ya kufika 1901 alitupitisha milima ya Mau, njaa, ng'ombe wa babake na bei ya sukari Muhoroni. Wengine tulikuwa na kazi.

Mzee_wa_Kadi:
Huwezi kuelewa reli bila Mau! Ninyi mnataka mstari wa kwanza wa simu tu. Na nani kaupandisha pale juu? Mashine, kwa kuhesabu kurasa ngapi zinauelekea! Kwetu kitabu hakikupata rafu kwa umaarufu. MAKTABA ISIYO NA KATALOGI, tena mbele ya mama wa chai!

Fundi_Nyalenda:
Swali, mzee. Kitabu cha reli mlikiweka wapi, rafu ya 385 pamoja na mambo ya reli ama 967.62 na Kenya? Kitabu kimoja hakikai rafu mbili. Mimi naandika "reli Kenya" na yote yanakuja.

Mzee_wa_Kadi:
Ndiyo maana kulikuwa na kadi ya "Tazama pia"! Mungu wangu!

Japuonj_Ahero:
Yote yanakuja, na uongo ndani yake. Huyo Florence ni yupi? Ukurasa mmoja unasema mke wa Preston, mwingine mke wa Whitehouse, wote wahandisi wa reli. Darasani kwangu wamegawanyika kambi mbili, kila kambi na ukurasa wake.

Omena_Kavu:
Ni wa Preston.

NyarKondele:
Ni wa Whitehouse, acha ubishi.

Omena_Kavu:
Omera, wewe ulikuwepo?

Fundi_Nyalenda:
Mzee si aandike mwenyewe? Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003. Bonyeza Hariri.

Mzee_wa_Kadi:
Nibonyeze ili niambiwe nilete chanzo kilichochapishwa? Chanzo ni babu yangu! Alibeba mataruma kwa bega hili! Yeye pia hana katalogi?

Boda_Dunga:
Mnalilia katalogi na sisi ramani inatumaliza. Mteja anatuma lokesheni, nafuata, simu inasema "umefika", niko ndani ya maji na kiboko ananitazama. Zamani ulikuwa unaambiwa "duka la bluu, uliza mama wa mandazi", na unafika.

NyarKondele:
Afadhali kiboko. Grupu letu la ploti leo asubuhi limenitibu presha, sukari na miguu kwa kitunguu saumu kimoja. Anayetuma hizo dawa ni yule yule asiyelipa bili ya maji.

Boda_Dunga:
Yule wa ghorofa ya juu, karibu na stejini?

NyarKondele:
Huyo huyo! Unamjua?

Boda_Dunga:
Nilimbeba kutoka Kibuye mpaka Mamboleo kwenye mvua. Akaniambia atatuma. Mpaka leo anatuma kitunguu tu.

Mzee_wa_Kadi:
Jamani, tuko kwenye katalogi.

Fundi_Nyalenda:
Subiri kidogo mzee. Huyo daktari wa vitunguu nilimtengenezea mlango.

Mama_Ngege:
Na mimi ana samaki wangu wawili wakubwa tangu Krismasi. Nani ana namba yake ile mpya?